Video, picha za setilaiti na data za matetemeko: namna ya kufundisha sayansi ya Dunia kwa medianuwai

Kabla ya kuwasha projekta, jiulize: ni nini katika mada ya leo ambacho mwanafunzi hawezi kukiona kwa macho yake? Kwa sayansi ya Dunia majibu ni matatu tu. Ama jambo linakwenda polepole mno, kama mabamba ya gandunia yanayosogea sentimita chache kwa mwaka. Ama ni kubwa mno, kama bonde la ufa lenye urefu wa maelfu ya kilomita. Ama limefichika, kama kiini cha Dunia kinachoanza takribani kilomita 2,890 chini ya miguu yetu. Video ya uhuishaji hufupisha muda, picha ya setilaiti hupunguza ukubwa, na data za matetemeko hufichua kilichozikwa. Mwalimu asiyejua anatafuta dawa ya kipi kati ya hivyo vitatu huishia kuendesha kipindi cha sinema: darasa limetulia, kila mtu amefurahi, na hakuna aliyeambulia kitu.

Kinachoshikika kiache kishikwe. Kipande cha graniti mkononi kinashinda picha kumi za graniti ukutani, kwa kuwa mwanafunzi atakigeuza, atakikwaruza kwa msumari, na ataona vipande vya mika vikimeta na kuzimika anapokielekeza kwenye mwanga wa dirishani. Hakuna skrini inayotoa hilo.

Video ya dakika tatu hula nusu ya kipindi

Chagua kipande cha dakika 2 hadi 4, hata kama video yenyewe ni ya dakika 20, na kiwe kinaonyesha tukio moja tu. Kisha fanya hivi:

1. Simamisha fremu ya kwanza ukutani. Kila mwanafunzi achore kwenye daftari anachodhani kitafuata. Dakika 2 zinatosha. Asiyechora utabiri wake atakubali chochote atakachoonyeshwa, halafu ataamini alikijua tangu mwanzo.
2. Onyesha kipande chote bila sauti.
3. Onyesha mara ya pili, ukisimamisha mahali pawili au patatu ulipopachagua mapema. Andika dakika na sekunde za vituo hivyo kwenye karatasi. Ukitegemea kumbukumbu utapitiliza.
4. Sasa weka sauti, au nyamazisha video moja kwa moja na utoe maelezo wewe mwenyewe.
5. Wanafunzi warudi kwenye michoro yao na kuisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kufuta ya kwanza.

Programu ya VLC, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, inasaidia sana hapa. Herufi E kwenye kibodi husogeza video fremu moja baada ya nyingine, na kitufe cha A–B hurudia kipande ulichokichagua. Mfano mzuri wa kuvitumia ni mlipuko wa Mlima St. Helens nchini Marekani, tarehe 18 Mei 1980. Ukienda fremu kwa fremu, wanafunzi huona kwamba ubavu wa kaskazini ulianza kuporomoka kwanza, ndipo mlipuko ukafuata kwa ubavuni. Mporomoko uliondoa uzito uliokuwa umeifunika magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi), na gesi iliyokuwa imebanwa ikafumuka. Kwa mwendo wa kawaida mambo hayo mawili huonekana ni kishindo kimoja. Tahadhari moja: video fupi zinazosambaa za mporomoko huo zimeundwa kwa kuunganisha picha za mnato zilizopigwa kwa kufuatana, kwa hiyo usiwape wanafunzi kazi ya kukokotoa kasi kutokana nazo.

Kuhusu maandishi na muziki: Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye baadhi ya majaribio yake yalitumia uhuishaji wa jinsi radi inavyotokea, ameonyesha kwamba picha pamoja na sauti ya maelezo hufundisha vizuri kuliko picha, sauti na maandishi yaleyale yakisomeka kwa wakati mmoja. Jicho haliwezi kusoma sentensi na kufuatilia magma inayopanda kwa pamoja. Muziki wa kusisimua na vipande vya kupamba navyo hupunguza kinachokumbukwa. Isipokuwa darasa lina mwanafunzi asiyesikia vizuri, au lugha ya video ni ngeni kwa wanafunzi; hapo maandishi ya chini yabaki, na wewe uongeze muda wa kusimama.

Kipimo kwanza, picha baadaye

Makosa mengi ambayo wanafunzi hutoka nayo kwenye medianuwai hayatokani na uvivu wao; yamo ndani ya picha. Kila mchoro wa Dunia umedanganya kipimo fulani ili uenee kwenye ukurasa, na ni kazi yako kusema umedanganya wapi.

Anza na muda. Tuseme una video ya sekunde 20 inayoonyesha bara kuu la Pangea likivunjika hadi leo, kipindi cha takribani miaka milioni 200. Kila sekunde ni miaka milioni 10. Video ikiwa na fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni miaka 400,000, yaani historia yote ya binadamu wa aina yetu, wa takribani miaka 300,000, inaenea ndani ya fremu ya mwisho na nafasi inabaki. Waache wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe kabla ya kubonyeza. Bila hiyo wataandika kwenye mtihani kwamba mabara "yaligongana kwa nguvu", kwa sababu ndivyo yalivyofanya ukutani.

Halafu unene. Michoro mingi huchora ganda la Dunia nene kiasi cha kuingiza milima, magari na mizizi ya miti. Chora ubaoni kipande cha Dunia kwa kipimo cha sm 1 kwa km 100: nusu kipenyo kitakuwa sm 63.7, na mpaka wa koti (tabaka lililo kati ya ganda na kiini) na kiini cha nje utaangukia sm 28.9 kutoka juu. Ganda la bara, la wastani wa km 35, ni mm 3.5. Ganda la bahari, la km 7 hivi, ni mm 0.7, yaani jembamba kuliko mstari wa chaki uliolichora. Mlima Everest, wa mita 8,849, haufiki mm 1. Mchoro huu ukishakuwa ubaoni, ndipo uonyeshe ule wa kupendeza na kusema: hapa ganda limeongezwa unene ili tulione.

Rangi ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Koti la Dunia huchorwa jekundu na kuwaka, na mwanafunzi anahitimisha kwamba tumekaa juu ya bahari ya magma. Koti ni mwamba mgumu. Hutiririka, ndiyo, lakini kwa kasi ya sentimita kwa mwaka, na ni sehemu ndogo tu za juu yake zinazoyeyuka, pale ambapo kanieneo imepungua au maji yameingia. Ushahidi upo na unaoneshwa kwa uhuishaji mmoja mfupi: mawimbi ya S ya tetemeko, yale yanayotikisa mwamba upande kwa upande, hayapiti kwenye kimiminiko, nayo hulipita koti lote hadi kwenye kiini cha nje, ambacho ndicho kimiminiko, na hapo yanakoma. Onyesha uhuishaji huo kabla ya mchoro mwekundu.

Njia ya Dunia kuzunguka Jua ina shida ya namna hiyohiyo. Huchorwa kwa pembeni, ikaonekana yai refu, na wanafunzi wanapata maelezo ya majira kwa bei rahisi: karibu na Jua ni joto, mbali ni baridi. Mwambie mmoja wao achore njia hiyo kwa kipenyo cha mita 1. Tofauti kati ya upana na urefu wake itakuwa kama mm 0.14, kwa macho ni duara kamili, ila Jua limesogea kidogo kutoka katikati. Tena Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, wakati nusu ya kaskazini iko kwenye baridi.

Picha za setilaiti: kulinganisha miaka miwili

Vyanzo vya bure ni vingi. NASA Worldview hutoa picha za kila siku tangu mwaka 2000, lakini pikseli bora ya picha hizo za kila siku ni mita 250, yaani nukta moja ya picha hufunika mita 250 za ardhi kila upande, kwa hiyo inafaa kwa vimbunga, moshi, vumbi na majivu ya volkano. Setilaiti za Landsat, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, zina pikseli ya mita 30 kwa picha za tangu miaka ya 1980. Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, zilizoanza mwaka 2015, zina pikseli ya mita 10 na hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5 hivi. Mto wenye upana wa mita 15 usiutafute huko; chagua kitu chenye upana wa pikseli 10 au zaidi.

Mfano usiochosha ni Bahari ya Aral, ziwa ambalo mwaka 1960 lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani, kisha likakauka baada ya maji ya mito Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba. Beseni lake la mashariki lilikauka lote mwaka 2014.

Ukishapata eneo, chagua picha za mwezi uleule katika miaka tofauti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanalinganisha picha ya masika na ya kiangazi, na "kukauka kwa ziwa" wanakokuona ni majira tu. Kwa theluji ya mlimani chagua mwisho wa msimu wa joto au wa ukame, maana theluji iliyoanguka jana huficha mpaka halisi wa barafu. Usibadilishe ukuzaji kati ya picha na picha, na hakikisha mstari wa kipimo umo ndani ya kila moja. Weka picha hizo kwenye slaidi mbili zinazofuatana, mahali palepale kwa milimita, kisha nenda mbele na nyuma kwa kitufe cha mshale. Kilichobadilika kitarukaruka machoni. Ukiziweka ubavu kwa ubavu, nusu ya darasa haitaona kitu.

Rangi bandia zije baadaye, baada ya wanafunzi kuiona picha ya rangi za kawaida. Setilaiti hupima mwanga kwa mafungu yaitwayo bendi. Kwenye Sentinel-2, ukiweka bendi ya 8 mahali pa nyekundu, ya 4 mahali pa kijani na ya 3 mahali pa buluu, mimea hai hugeuka mekundu mno kwa kuwa majani huakisi sana mwanga wa infraredi. Mchanganyiko wa bendi 12, 8A na 4 huonyesha lava ya moto iking'aa hata kupitia moshi mwembamba. Usipoeleza, patatokea mwanafunzi atakayeandika kwamba msitu unaungua.

Google Earth nayo ina mitego yake. Picha moja ni viraka vya tarehe tofauti vilivyoshonwa pamoja, kwa hiyo soma tarehe kabla ya kudai lolote. Milima inaweza kuwa imeongezwa kimo. Angalia kwenye mipangilio na urudishe thamani hiyo kuwa 1 kabla ya kupima mteremko. Na mistari iliyonyooka kwenye sakafu ya bahari si barabara za kale: ni njia za meli zilizopima kina kwa mawimbi ya sauti. Mwaka 2009 mistari ya namna hiyo ilizua uvumi kwamba mji wa Atlantis umepatikana.

Data za matetemeko: bamba linalozama linavyojichora lenyewe

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Wanafunzi hawaonyeshwi bamba likizama. Wanalichora wao kutokana na namba.

Nenda kwenye katalogi ya matetemeko ya Shirika la Jiolojia la Marekani, earthquake.usgs.gov, sehemu ya kutafuta. Weka ukubwa kuanzia 4.5, kipindi cha miaka 5, latitudo kutoka −24 hadi −18, na longitudo kutoka 176 hadi 190. Hilo ni eneo la Tonga, kusini mwa Pasifiki. Chagua kupakua kama CSV, yaani faili la jedwali linalofunguka kwenye lahajedwali. Huduma hiyo haitoi zaidi ya matukio 20,000 kwa ombi moja, na hapa hutakaribia kikomo.

Fungua faili kwenye lahajedwali. Safu ya A ni muda, B latitudo, C longitudo, D kina kwa kilomita, E ukubwa wa tetemeko. Angalia mapema kama kompyuta imewekwa kutumia mkato badala ya nukta kwenye desimali. Ikiwa ndivyo, −20.543 itasomwa kama maandishi au kama elfu ishirini na ushee, na chati itatoka tupu au ya ajabu. Badilisha mpangilio wa lugha wa faili, si namba moja moja.

Tatizo la pili ni mstari wa longitudo 180, unaokatiza eneo hili. Upande mmoja longitudo ni 179, upande wa pili ni −179, na chati itayatupa matetemeko jirani kwenye ncha mbili za ukuta. Kwenye safu tupu upande wa kulia kabisa andika =IF(C2<0,C2+360,C2) kisha uikokote hadi chini. Kompyuta inayotumia mkato wa desimali itataka nukta mkato kati ya vipengele.

Sasa tengeneza chati ya nukta: longitudo mpya kwenye mhimili mlalo, kuanzia 176 hadi 190, na kina kwenye mhimili wima, kuanzia 0 hadi 700, ukiwa umegeuzwa ili 0 iwe juu. Kwenye latitudo hiyo digrii 14 za longitudo ni takribani km 1,450, kwa hiyo upana wa chati uwe mara mbili ya kimo chake, tuseme sm 21 kwa sm 10. Kwa uwiano huo, pembe ambayo wanafunzi wataipima kwa protrakta ni pembe halisi. Ukiiacha programu ichague umbo, bamba litaonekana limesimama wima au limelala, kutegemea upana wa skrini.

Kitakachoonekana ni utepe wa nukta unaoanzia juu upande wa mashariki, karibu na handaki la bahari, na kushuka kuelekea magharibi hadi kupita km 600. Usitaje jina lolote bado. Waulize: kwa nini hakuna matetemeko ya kina kikubwa chini ya handaki lenyewe? Mwamba wa kina hicho kwa kawaida una joto jingi mno kuweza kuvunjika; basi kuna nini kilichokwenda huko kikiwa bado baridi? Wakishafika kwenye bamba la Pasifiki linalozama upande wa magharibi, ndipo uwaambie kwamba ukanda huo huitwa kwa majina ya Kiyoo Wadati wa Japani na Hugo Benioff wa Marekani.

Mwanafunzi makini atakuuliza kuhusu mistari miwili iliyonyooka kabisa, mmoja kwenye km 10 na mwingine kwenye km 35. Mistari hiyo si tabaka la mwamba. Kina cha tetemeko kisipoweza kukokotolewa vizuri, wachambuzi huweka thamani ya kawaida, nazo ni hizo. Mwache alishangae jambo hilo kabla ya kumjibu. Ni somo zuri kuhusu data kuliko hotuba yoyote. Nukta zilizotawanyika karibu na uso, magharibi ya handaki, nyingi ni za beseni la Lau, ambako sakafu ya bahari inatanuka.

Mambo mawili ya kumalizia hapa. Muda wa katalogi ni wa UTC, yaani saa ya kimataifa inayolingana na ya Greenwich: tetemeko kuu la Tohoku la tarehe 11 Machi 2011 limeandikwa saa 05:46, wakati saa za Japani zilikuwa 14:46. Na ukiwapa wanafunzi ramani ya miduara, kipenyo kisifuate ukubwa moja kwa moja. Hatua moja ya ukubwa ni mara 10 ya mtikisiko unaopimwa na takribani mara 32 ya nishati. Duara la 8 likiwa mara mbili tu ya duara la 4, umewaachia picha ya uongo.

Kutengeneza video ya mto kwenye trei

Unahitaji trei au beseni refu la sm 80 hadi 100, mchanga laini wa kujaza kina cha sm 5, chupa au ndoo yenye mpira mwembamba wa maji, kipande cha sponji, rula, saa, simu na kitu cha kuishikilia simu juu ya trei. Toboa tundu upande wa chini wa trei na ulizibe kwa wavu. Ukikosa kutoboa, maji yatajaa chini na mto utajenga delta, jambo ambalo nalo linafaa kurekodiwa. Amua mapema unataka lipi.

Lowesha mchanga wote kwanza, ukandamize kidogo, kisha inua upande mmoja wa trei sm 4 hadi 6. Mchanga mkavu hunywa maji na kuporomoka kwa vipande badala ya kuchongwa. Elekeza mpira kwenye sponji. Maji yakianguka moja kwa moja kwenye mchanga huchimba shimo, na mto hauanzi. Anza na mtiririko wa lita 1 kwa dakika 4. Ukizidisha, utapata mfereji mmoja ulionyooka unaofika chini ya trei kwa dakika moja. Ukipunguza mno, maji yatazama yote.

Weka simu kwenye hali ya ndege, mlalo, ikitazama chini, huku rula na saa vikiwa ndani ya picha. Bonyeza na ushikilie skrini hadi fokasi na mwanga vifungwe. Usipofanya hivyo, simu itarekebisha mwanga kila wingu linapopita na video itamemetuka. Funga mapazia, weka taa kwa ubavuni: taa ya juu hurudi kwenye lenzi kama kioo juu ya maji, ya ubavuni huacha kivuli kinachoonyesha kingo za mto. Piga picha kila sekunde 5 kwa dakika 24. Utapata picha 288. Ukiziunganisha kwa fremu 12 kwa sekunde, video itakuwa ya sekunde 24. Picha ya MB 3 ina maana ya nafasi ya karibu MB 860, kwa hiyo futa vitu kwenye simu kabla ya kuanza, na iwe kwenye chaji.

Kazi yenyewe huanza video ikiwa tayari. Kila kundi lifuate kingo moja ya mto na kupima, kwa kutumia rula iliyomo kwenye picha, imesogea kiasi gani kila baada ya dakika 3. Kingo za nje za mpindo huliwa, za ndani hujazwa. Kwa mtiririko huohuo, kundi jingine linaweza kuinua trei sm 2 zaidi na kulinganisha. Usiache waseme kwamba huu ni mto mdogo: chembe ya mchanga haikupungua ukubwa sambamba na mto, kwa hiyo tabia inafanana lakini vipimo havihamishiki.

Mikunjo na nyufa zina njia fupi zaidi. Kwenye boksi la plastiki angavu, panga matabaka ya mchanga mkavu ya nusu sentimita, ukitenganisha kila moja kwa unga wa chaki wa rangi, hadi sm 4. Sukuma kwa ubao kutoka upande mmoja, mm 5 kwa kila picha, picha 15. Kati ya picha ya kwanza na ya tano matabaka yatapanda kidogo, kisha ufa utajitokeza na upande mmoja kuanza kupanda juu ya mwingine. Mchanga wenye unyevu hugandamana na kwenda kama tofali, basi ukaushe kabisa.

Simu kama kipimo cha mtikisiko, miamba ya 3D, na sauti

Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, husoma kipimo cha mchapuko kilichomo kwenye simu. Bandika simu mezani kwa gundi ya karatasi, dondosha mfuko wa mchanga wa kilo 2 kutoka kimo kilekile kwa umbali wa sm 20, 40, 80 na 160, na wanafunzi wachore kimo cha wimbi dhidi ya umbali. Simu isiyobandikwa huruka na kupima kuruka kwake. Usijaribu kupima kasi ya wimbi kwa simu mbili: saa zake hazilingani, na wimbi hupita meza yote kwa muda mfupi kuliko tofauti hiyo.

Kielelezo cha 3D cha mwamba kinahitaji picha 40 hadi 80 zinazopishana kwa theluthi mbili, kwenye kivuli, bila flashi. Weka jiwe juu ya gazeti, maana programu inayounganisha picha hizo hutafuta alama zinazotambulika, na zunguka wewe, jiwe likae. Obsidiani na kwazi angavu hushindikana kwa sababu mng'aro huhama kila unapohama. Kwa kweli hii ina faida pale tu jiwe lenyewe haliwezi kufika darasani, kama ukuta wa machimbo.

Sauti husahaulika. Mawimbi mengi ya tetemeko la mbali yako chini ya hezi 1, na sikio huanzia hezi 20. Rekodi ikiharakishwa mara mia kadhaa, saa nzima inakuwa sekunde chache, na darasa linasikia kwanza mawimbi ya P, yaendayo kasi kuliko yote, halafu S, halafu ngurumo ndefu ya mawimbi ya juu ya ardhi. Tumia rekodi inayotaja imeharakishwa mara ngapi. Nyingine hazitaji, na ni za kuburudisha tu.

Maandalizi ya chumba na faili

Usitegemee intaneti ya wakati wa kipindi. Pakua kila kitu siku moja kabla, weka nakala kwenye kompyuta na kwenye flashi, na uifungue kwenye kompyuta ileile itakayotumika. Video ya 720p yenye umbizo la MP4 inatosha kwa projekta nyingi. Kaa kwenye kiti cha nyuma kabisa na usome lebo ndogo kuliko zote. Usipozisoma, hakuna atakayezisoma. Tofauti za nyekundu na kijani ziongezewe maumbo au herufi, kwa sababu wapo wavulana wasiozitenganisha rangi hizo. Umeme ukikatika, chapa iliyochapishwa ya chati ya Tonga, nakala moja kwa wanafunzi wawili, inaendelea bila kupoteza chochote. Ikiwa simu ni moja kwa watano, gawa kazi: mmoja anashika simu, mmoja anasoma namba, mmoja anaandika, wawili wanatabiri, kisha wabadilishane.

Picha nyingi za NASA na za Shirika la Jiolojia la Marekani ni huru kutumiwa kwa kutaja chanzo. Za Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya wenye setilaiti za Sentinel, ni bure kwa kutaja chanzo pia. Video ya mtu binafsi mtandaoni haiwi huru kwa kuwa tu inaonekana. Kila tetemeko kubwa hufuatwa na video za zamani zilizobandikwa tarehe mpya, na sasa zipo picha za volkano zilizobuniwa na kompyuta ambazo lava hupanda mlima. Hakiki mahali na tarehe, au iache. Video zinazoonyesha watu wakifa hazina kazi darasani, hasa pale ambapo baadhi ya wanafunzi wamepitia mafuriko au tetemeko wao wenyewe.

Kujua kama wameelewa

Wape video ileile uliyoanza nayo, bila sauti, na kila jozi itoe maelezo ya sekunde 60 juu yake, yakirekodiwa kwa simu. Sikiliza mambo manne: wametaja muda halisi unaowakilishwa, wametaja kipimo cha urefu, wamesema kipi kimesababisha kipi, na wametaja angalau kitu kimoja ambacho video imekikuza au kukibuni. La nne ndilo linalokosekana mara nyingi. Jozi ikisema magma "inatoka kwenye bahari ya moto chini ya ganda", ule mchoro mwekundu bado unawaongoza. Warudishe kwenye uhuishaji wa mawimbi ya S na uwaombe waonyeshe kwa kidole ni wapi hasa mawimbi hayo yanakomea.